Mkeka wa Mwenye Gofu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa utosini, wala sikuwa na homa.

Chuoni nilitoroka kabla ya kufika nusu ya msahafu; miguu yangu haikujua kutulia. Nimebeba mizigo Forodhani, nimesukuma troli la Wazungu, kigari chao cha kutembelea mjini, na mwaka ule reli ilipoanza kwenda bara nikapata kazi iliyowachekesha watu wa mji: kulea mtoto wa mbwa. Bwana wangu alikuwa Mzungu wa reli, kapanga nyumba mtaa wa Ndia Kuu. Mbwa mwenyewe akiitwa Jeki, masikio marefu kuliko akili.

"Yaya wa mbwa huyo!" wauza kahawa wakinipigia kelele. "Jana ulimwimbia akalala?"

Waache. Mimi nilitaka kujua, mnyama hufundishwaje adabu? Bwana akanieleza: kila akila, kila akiamka, mtoe nje, mpeleke mahali pale pale mpaka azoee harufu yake, kisha mkimbize achoke. Mkewe akaongeza lake: "Akikojolea zulia langu tena, nitamtia guniani, baharini." Hakuwa mtu wa mzaha yule. Nami nilikuwa nimekwisha kumpenda Jeki.

Mahali nilipochagua palikuwa gofu moja nyuma ya Ndia Kuu, nyumba ya mawe isiyo na dari, mitunguja imeota sebuleni. Kizingitini pake Jeki alikojoa asubuhi, adhuhuri na jioni. Zulia likakauka. Nikajiona fundi.

Adhuhuri moja, njia nyeupe kwa jua, hata paka hakuna, Jeki ndiyo kwanza anamaliza, nikasikia sauti:

"Kijana, mbwa wako yuwanilowesha mkeka."

Mwanamke wa makamo, kajifunga leso mpya, ananukia udi, kasimama ndani ya gofu. Mkononi ana mkeka wa ukindu unaochuruzika. Nakuuliza wewe, alipita wapi? Mlango ulikuwa mmoja, na mimi ndiye niliyeuziba.

"Shikamoo, bibi. Sikujua kuna mtu."

"Marahaba. Ulipiga hodi?"

"La."

"Sasa ungejuaje?" Akaukung'uta mkeka, matone yakanipata miguuni. "Leo nakustahi. Akirudia, namchukua nimfuge mimi."

Jeki akalala kifudifudi mbele yake, mkia ukipiga chini, kama aliyemjua siku nyingi. Hilo ndilo lililonitisha.

Mwingine angekimbia. Mimi, niamini, niliuliza. "Bibi, basi nimpeleke wapi? Ndani kuna mwenyewe, nje kuna mwenyewe."

Akacheka. "Angalau wewe umeuliza. Wenzako hawaulizi, humwaga tu maji yao. Mpeleke ufuoni, maji yanapopanda. Pale bahari hufagia yenyewe. Lakini kwanza nioshee mkeka wangu. Palipoguswa na mbwa wajua huoshwaje."

Nilijua, hilo nililipata chuoni kabla sijatoroka. Nikauosha kwa maji ya kisima cha uani mwake mara saba, moja kwa udongo. Mkeka ulikuwa mzito kama mtu aliyelala. Nilipoinua kichwa nimkabidhi, hapakuwa na mtu. Nikauanika ukutani, nikageuka kumshika Jeki, nikageuka tena: ukuta mtupu, mawe makavu.

Tukaenda ufuoni mbio, siku ile na kila siku. Njia ilikuwa ndefu, lakini Jeki alijibana mpaka mchangani. Zulia halikulowa tena, wala kizingiti. Bwana akanisifu, akisema ameona, dawa ni mahali pale pale. Ningemwambia nini?

Jeki alizeeka mikononi mwangu. Maisha yake yote, tukipita lile gofu, alikaa kitako, akainua sikio moja, akangoja. Kisha akasimama na kwenda zake, kama mtu aliyekwisha kujibiwa. Na mimi mpaka leo, nikimwaga maji chini, viganja vyangu hunukia udi.

Kwa hiyo wewe unayetupa maji ya moto uani bila kutazama, ukidhani nje hakuna mtu, piga hodi kwanza. Usipojibiwa, mwaga. Ukisikia "karibu", tafuta pengine.