Kovu kwenye Kibofu cha Mama

Mama alitoka Kondoa kuja kukaa nami Nkuhungu, Dodoma, baada ya kumaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani iliisha, tukapongezwa. Kisha kibofu kikaanza kumkataa. Mionzi ilikuwa imekichoma, kikajaa kovu, kikasinyaa na kukakamaa, hakitanuki tena kushika mkojo. Alikuwa akitoka chooni, kabla hajakaa vizuri, anarudi.

Kilichomuumiza zaidi ni swala. Anatia udhu, anasimama kwenye mswala, na kabla hajasujudu namsikia akiguna, "Ya Rabi," halafu mlango wa choo. Shekhe alikuja kumweleza kwamba mgonjwa wa namna yake ana ruhusa, aswali hivyo hivyo hata mkojo ukimvuja. Mama alimshukuru kwa adabu. Alipoondoka akaniambia, "Ruhusa ninayo, mwanangu. Na pua ninayo."

Akaacha kunywa maji. Jua la Dodoma lile, midomo imepasuka, kikombe anakisukuma. Nilimbembeleza, nikafoka, nikalia mbele yake. Hakunywa.

Nikiwa kazini nikasoma kwenye simu habari za seli shina, chembe changa za mwili zinazoweza kukua zikawa nyama ya aina nyingine. Watafiti walikuwa wakizidunga kwenye vibofu vyenye makovu ili vilainike. Kesho yake nilimpeleka mama hospitali, simu mkononi kama nimeokota dhahabu.

Daktari alikuwa binti mdogo kwangu. Alimwamkia mama, akasoma nilichomwonyesha, akanirudishia simu.

"Ni kweli wanajaribu," alisema. "Lakini mengi bado ni kwa panya. Hapa hatuna, na hata nje sijui pa kukutuma bila kukudanganya, mama."

"Hao panya wanapona?" mama akauliza.

"Baadhi yao kovu limepungua."

"Basi nijaribuni mimi. Nimeshazeeka, nikifa hamjapoteza kitu."

"Siwezi, mama."

"Kwani panya aliomba? Mimi naomba."

Daktari alimshika mkono. Akaeleza kinachowezekana: upasuaji wa kuupitisha mkojo pembeni, utokee tumboni, uingie kwenye mfuko. Figo zilikuwa zimeshaanza kuvimba, alisema, tusichelewe. Mama alitikisa kichwa. Hakutaka kutembea na mfuko wa mkojo kiunoni.

Aliomba arudishwe kwao. Nilimpeleka kwa gari la kukodi, kiti tumekitandika mpira na kanga, na tangu tulipopita Msalato, mji ukiwa nyuma yetu, hakuniangalia usoni.

Sasa yuko kwa dada yangu huko Kondoa, miguu imejaa maji. Wiki hii alinipigia.

"Huko kwenye simu yako, wamefika wapi?"

"Wanaendelea, mama."

"Waambie waharakishe."

Nikamjibu nitawaambia. Alipokata nilibaki nimeshika simu, nikipekua habari zilezile nilizokwisha kuzisoma. Sikuwa na wa kumwambia.