Kafara ya Bibi

Harufu ya iliki ikinifikia jikoni kwangu, namwona bibi akipika wali uani kwetu, Bukavu, macho yamemwiva kwa moshi.

Alikuwa amegombana na jirani yetu, maman mmoja Mkatoliki aliyekaa chini yetu kilimani, kwa sababu maji ya mvua kutoka kwetu yalibomoa ukuta wake. Bibi aliapa kwa jina la Mungu kwamba hatakanyaga tena kwake. Miezi ikapita. Kisha tukasikia jirani ameshikwa na malaria kali na hana wa kumpikia. Bibi akafunga kitenge chake, akateremka na uji.

Wiki iliyofuata akapika wali wa kulisha maskini kumi.

“Bibi, leo iko sikukuu?” nikamwuliza.

“Hapana, iko kafara. Niliapa, nikavunja kiapo. Sasa nalisha watu ili Mungu anisamehe.”

“Unajuta kumupelekea uji?”

“Najuta kuapa, mutoto wangu.”

Wale kumi wakala, wakaomba dua, wakaenda zao. Ndipo jirani akapanda polepole, bado amekonda, akasimama mlangoni.

“Na mimi niko maskini wako leo?” akauliza, akicheka kwa wasiwasi.

“Wale kumi walishakula,” bibi akasema, akimtandikia mkeka. “Hii iko ya sisi wawili.”

Wakala sahani moja bila maneno mengi, na kila mara bibi alisukuma nyama upande wa mwenzake.