Pazia la Liputa Maporomokoni

Wanafunzi wenzangu wa milimani walikuwa na jambo moja lililonitoa roho: hawakula mbele ya watu. Pombe walikunywa hadharani, watu wazima wakiuzunguka mtungi mmoja na mirija yao, hakuna neno. Lakini chakula, loh! Chakula kwao, katika vilima vya Urundi, kilikuwa siri ya nyumba. Unafunga mlango ndipo unatafuna. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, ambako sinia inawekwa barazani na mpita njia anakaribishwa mpaka anashindwa kukataa. Miaka ile ya hamsini tulipelekwa pamoja Kisangani kusomea uuguzi. Nchi ya watu, mbali na mama zetu, na bwalo lenye meza ndefu na macho pande zote.

Wengine walijikaza, wakimeza harakaharaka na vichwa chini. Rafiki yangu, jirani yangu wa kitanda, alishindwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwepesi wa kushika masomo kuliko sisi sote. Mezani alimega tonge moja, akainama, akasukuma sahani. Akabaki mifupa. Alikwisha kuanguka darasani kwa njaa mara mbili, na mkuu wa shule, Mbelgiji asiyependa maneno mengi, akatoa hukumu yake: akianguka tena, anapandishwa lori la Bukavu, arudi kwao. Na kwao kilima kizima kilikuwa kimemuaga kwa ngoma! Nilimgombeza, nikambembeleza, hata kumtukana nilimtukana. Yeye ananitazama kwa upole, anasema, "Kesho nitakula." Kesho gani hiyo isiyofika?

Basi Jumapili moja mwalimu wetu, mwenyeji wa Yanonge, mji usio mbali na Kisangani, akatutoa kutembea, mimi na wenzangu watano wa milimani, rafiki yangu akiwa mmoja wao. Asubuhi tulivuka mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga kutazama garimoshi. Wenzangu walishika kingo za mtumbwi kwa nguvu zote, macho wamefumba, wakimwomba Mungu kwa Kirundi. Nilicheka mpaka mwalimu akanikaripia. Garimoshi lilipopiga king'ora, rafiki yangu aliruka kama mbuzi, kisha akajicheka mwenyewe, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuje. Moyo wangu ulifurahi sana.

Mchana tukarudi ng'ambo, tukaenda kwenye maporomoko ya Wagenia, wavuvi wa mto ule. Wale jamaa wamesimika magogo marefu kwenye mwamba, katikati ya maji yanayonguruma, wakayafunga kwa kamba za msituni na kuning'iniza mitego yao, vikapu vikubwa ambavyo mtu mzima anaingia mzima mzima. Papa mmoja mvuvi, ndivyo wanavyomwita baba huko, ambaye mwalimu alikuwa akifahamiana naye, alitupigia kelele kushinda maji, "Vijana! Mukuje mushike kamba!"

Wa kwanza kwenda alikuwa nani? Huyo huyo mrefu wangu. Akavuta kwa mikono yake ile myembamba, mishipa imemtoka shingoni, mpaka kikapu kikatoka majini na samaki wakubwa wakipigapiga mikia. Akapiga vigelegele kama mwanamke arusini! Tulicheka wote, na papa akampiga bega akimwita mvuvi.

Mke wa papa akawapika wale samaki ndani ya majani, kwa pilipili na mafuta ya mawese, na lituma, ndizi zilizotwangwa mpaka zikalainika. Harufu ile, jamani! Akatuandalia pale pale mwambani. Wale watano wakajibu kwa sauti moja, "Asante mama, tumeshiba."

Tumeshiba! Tangu alfajiri hatujatia kitu mdomoni! Nilitaka kuwazaba vibao, mmoja mmoja.

Uso wa papa ukabadilika. "Huyu murefu alishika kamba," alimwambia mwalimu. "Kwetu hapa, mutu mwenye alishika kamba anakula samaki ya ile kamba. Kama hakule, kesho mutego itatoka bure. Alors, anatutakia njaa?"

Mwalimu alitokwa na jasho. Rafiki yangu akasimama, nadhani alitaka kuomba radhi, lakini miguu ikamlegea, akarudi chini kwa kishindo. Niliogopa vibaya. Akizimia hapa mbele ya mwalimu, basi tena, ndiyo safari ya kwao.

Nikamkimbilia yule mama, nikamnong'oneza yote. "Mama, si dharau. Kwao kula mbele ya watu ni kama kuvua nguo. Na asipokula leo, shule imemtoka."

"Ni ile tu?" akasema mama. "Bon."

Akafungua liputa lake la juu, kitambaa alichojifunga juu ya kingine, akalitundika kwenye miti ya kuanikia samaki. Akamshika rafiki yangu mkono, akamketisha nyuma ya pazia hilo na sahani. "Kula, mutoto yangu. Hakuna mutu anakuona." Kisha akatugeukia sisi. "Na ninyi, muangalie maji!"

Tukageuka wote kuutazama mto, hata mwalimu, hata papa.

 Halafu, juu ya ngurumo ya maji, nikasikia mfupa unanyonywa. Nikajiuma mkono nisicheke. Kwa pembe ya jicho nikaona sahani ikitoka chini ya liputa, tupu. Mama akaijaza. Ikatoka tena, tupu. Papa, macho yangali mtoni, akasema, "Mama, ubakishe na ya kwetu."

Tulivunjika mbavu! Na nyuma ya pazia mtu alikuwa akicheka mdomo umejaa.

Liputa likatikisika. Rafiki yangu akatoka, akalitungua, akalikunja vizuri, akamrudishia mama kwa mikono miwili, akaja kuketi katikati yetu, kidevu chekundu kwa mafuta ya mawese. Akamega lituma, akachovya, akatia mdomoni mbele yetu sote. Akatafuna, akameza. Wenzake wakatazamana, mmoja akanyoosha mkono, kisha mwingine.

Machozi yalinitoka, siwafichi. Tonge likabaki mkononi mwangu, siwezi kulipeleka popote. Rafiki yangu akaniona, akanisogezea kipande cha samaki kilichonona.

"Kula, bwana," akasema. "Unaona haya?"