Maji ya Kifuani

Sisi wa Mbozi hatujui kuogelea, na nani angetufundisha? Kwetu, milimani kwenye mashamba ya kahawa, maji ni ya kuchota, baridi yake inauma mpaka mifupa, na mtoto akikutwa anacheza mtoni anachapwa. Kwa hiyo ilipofunguliwa hoteli yenye bwawa la kuogelea huku Tunduma, upande wa Chapwa, watu wazima na akili zao walilipa kiingilio, wakavua nguo, wakaingia majini, kisha wakasimama. Ndiyo, wakasimama! Maji yanawafika kifuani, wanatazamana kama ng'ombe kwenye josho. Umati wote ule, hakuna aliyeweza kuogelea kutoka ukingo mmoja kwenda wa pili.

Ndipo ukazuka mchezo wa kubana pumzi, mchezo wa watu wasiojua kuogelea. Unavuta hewa, unachuchumaa chini ya maji, unakumbatia magoti, na walioko juu wanahesabu kwa pamoja kwa sauti. Anayeibuka wa kwanza anaitwa kuku. Anayeibuka wa mwisho anabebwa mabegani mpaka kwenye meza za nyama choma. Vijana wa Kamsamba, waliokulia kwenye joto na mito, walikuwa wanashinda kila mara, na walitucheka sana. "Nyie watu wa kahawa," walisema, "maji mnayajua ya kuchemshia tu."

Kaka yangu hakuwa mtu wa kuchekwa. Alikuwa wakala wa kutoa mizigo hapo mpakani na Zambia, na mtu wa kazi hiyo hakubali kushindwa hata kwa utani. Akatafuta ujanja akaupata: kabla ya kuzama unapumua haraka haraka, ndani nje, ndani nje, mpaka kichwa kinakuwa chepesi. Alituonyesha sebuleni kwangu, tukacheka mpaka machozi. Na kweli, ujanja ule ulimfanya akae chini muda mrefu. Akaanza kuwashinda wa Kamsamba.

Siku ya Pasaka akazama, hakuibuka. Sikuwepo, nilikuwa kwenye meza yangu ya vitenge karibu na mpaka. Nimeyaona kwenye simu, maana siku hizi hakuna anayekufa bila kurekodiwa. Wenzake wanaibuka mmoja mmoja, yeye yuko chini, ametulia tuli. Watu wanahesabu, wanashangilia. Sauti moja inasema, "Huyu ana mapafu ya lori!" Jamani, walimpigia makofi maiti. Walipochoka makofi ndipo mtu akainama kumgusa.

Daktari wa zamu alinieleza taratibu, bila kuzungukazunguka. Kule kupumua haraka haraka hakumwongezei mtu hewa ya maana, kunaunyamazisha tu mwili usidai pumzi. Basi hewa inamwishia ubongoni naye hana habari, hasikii shida yoyote, anazimia akidhani anashinda. Akishazimia, mwili unavuta pumzi wenyewe, na kule chini cha kuvuta ni maji tu. Kina cha maji hakihusiki, alisema. Nilimuuliza kama kaka aliteseka. Akasema huenda hakujua kabisa kwamba anakufa.

Nikayabeba maneno hayo mpaka msibani kwetu Isansa, nikidhani nimewabebea watu dawa. Nani alinisikiliza? "Mtu mzima afe kwenye maji ya kifuani?" baba mdogo aliniuliza. "Si angesimama tu?" Wazee wakaguna. Kwao halikuwa jambo la kuwezekana, na kwetu jambo lisilowezekana lina jina moja tu: karogwa. Wakatajwa hao hao wa Kamsamba. Kanisa likahamishia maombi bwawani. Mwenye hoteli, aliyeona wateja wanapungua, akayamwaga maji yote akajaza mapya, kingo zikapakwa mafuta ya upako, watu wakaimba mapambio mpaka sauti zikakauka. Baada ya hapo bwawa likawa safi machoni pa kila mtu, na mchezo ukaendelea.

Nilimfuata yule mwenye hoteli nikamwomba kitu kimoja tu, akataze kubana pumzi. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda, akanipa pole nyingi. "Lakini dada yangu," akasema, "maji yenyewe ni ya kifuani." Siku chache baadaye nikasikia ametundika bango. Nikafunga biashara yangu nikaenda kulisoma. Lilisema ni marufuku kuingia bwawani na chakula.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mwanamume mwenye ndevu zake. Ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa mama. Pasaka iliyofuata ilipokaribia, marafiki wa marehemu wakaandaa shindano la kumuenzi. Kumuenzi kwa nini? Kwa kubana pumzi! Wakachapisha na fulana zenye uso wake. Mdogo wangu akawa wa kwanza kujiandikisha.

"Utakufa," nilimwambia.

"Dada, kaka alirogwa. Mimi nimeombewa."

"Kwani waliomba uote mashavu ya samaki?"

Akacheka, akaniambia ninaogopa kuliko kuku. Nikampigia simu mama ili amkataze, maana kwa mama hakuwa na ujanja. Mama akanigeuzia kibao. "Mwache mwenzio amwakilishe kaka yake," alisema. "Wewe mdomo wako kila siku unaita msiba." Mdomo wangu! Mdomo pekee ndani ya ukoo mzima uliokuwa unaukataa huo msiba.

Siku yenyewe nikaenda. Nilisimama ukingoni na kitenge changu kiunoni, kaka yangu ananitazama kutoka kwenye kila kifua. Mdogo wangu akaanza kupumua haraka haraka, kama anapuliza moto wa kuni mbichi, nami nikapiga kelele asizame. Dereva mmoja wa kutoka Zambia akaniambia kwa upole, "Awe, bamayo," yaani hapana, mama, "mwacheni kijana acheze." Mdogo wangu akazama.

Hesabu ikaanza. Mimi sikuisikiliza, nilitazama mikono. Ilikuwa imekumbatia magoti, imekaza. Halafu nikaona vidole vinaachia na mikono inaelea yenyewe, na umati ukazidi kupandisha sauti. Niliingia na viatu. Kuogelea sijui, lakini kutembea najua, na maji si ya kifuani? Nikamshika kwapani nikamwinua. Kichwa kikaniangukia begani, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Nikampiga mashavuni huku namwita, mdogo wangu, mdogo wangu, amka. Akakohoa, akavuta pumzi moja ndefu yenye mlio, akafungua macho.

"Umenitoa kwa nini?" ndilo neno lake la kwanza. "Nilikuwa nashinda!"

Hakujua. Hakumbuki kuzimia na hatakumbuka kamwe. Nilirudi kwa yule daktari akaniambia ndivyo inavyokuwa. Walioiona ile midomo walisema ni baridi. Wakanizomea mpaka getini, nguo zinanichuruzika, na waliovaa uso wa kaka yangu walinipita bila salamu. Kombe wakapewa wa Kamsamba. Mama alisema nimemwaibisha mwanawe mbele za watu. Nilimjibu vibaya sana, na siombi radhi.

Tangu siku ile mdogo wangu hasemi nami. Sawa, anune. Aliyenuna anapumua. Kinachoniua ni kingine. Pasaka inakaribia tena, amejiandikisha tena, na mama mmoja anayechoma nyama pale hotelini amenidokeza kwamba safari hii mdogo wangu alikwenda kwa mwenye hoteli na ombi lake. Huyo mwenye hoteli ambaye ombi langu lilimshinda, la mdogo wangu amelitimiza siku hiyo hiyo: mlinzi wa getini ameshapewa picha yangu, nisiruhusiwe kuingia.