Mkeka Ambao Sikuukunja

Mgongo ulinikamata wiki ya sita baada ya kumzika mke wangu. Nilikuwa mchukuzi katika soko la Kariakoo, na asubuhi ile gunia la mchele halikupita magoti. Nyapara hakunifokea. Alisema tu kwamba akinikuta hivyo Jumamosi, nafasi yangu atampa mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Wenzangu wakanielekeza kwa mkandaji mmoja upande wa Msimbazi, Mnyamwezi, aliyesifiwa kwa kurudisha viungo mahali pake. Sikuwa nimewahi kwenda kwa mtu wa kazi hiyo. Njiani nilijiuliza kama atanichanja, au atanipa kombe la aya ninywe, au atataka kuku.

Hakutaka lolote katika hayo. Aliniambia nivue shati, akanizunguka pale uani bila kunigusa, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kununua. Niiname. Nigeuke. Nitembee mpaka ukutani na kurudi. Kisha akaokota makubadhi yangu, akanionyesha jinsi kisigino cha kushoto kilivyolika kuliko cha kulia. Nilikuwa nimeyavaa miaka miwili na sikuwahi kuliona hilo.

Akanilaza kifudifudi, akapasha mafuta ya nazi viganjani. Vidole gumba vyake viliteremka mfupa baada ya mfupa, na kila mahali aliniuliza kama naumia au nasikia tu. Nilishangaa kwamba penye maumivu alipita haraka, akakawia kwenye nyonga, ambako sikuwa na habari nako. Baadaye alinigeuza ubavu, akaniambia nivute pumzi na kuiachia polepole. Ilipokwisha, alisukuma bega huku na nyonga kule. Nikasikia mlio kama bua la mtama linalovunjwa. Nilidhani nimekwisha, kumbe hata sikuumia.

Hapo akaniuliza nalala wapi. Nikasema kitandani.

"Mzaramo," alisema, "mgongo wako unasema chini."

Nikamwambia kweli. Siku tatu za matanga tulilala chini sote, kama ilivyo desturi. Siku ya tatu watu walikunja mikeka yao wakarudi makwao. Wangu sikuukunja. Kitanda kilikuwa palepale chumbani, nami kila jioni nilikipita. Hakuna niliyemwambia.

Mnyamwezi kwetu Wazaramo ni mtani, ana ruhusa ya kutudhihaki hata kaburini, naye aliitumia.

"Nyinyi Wazaramo kwa kupenda matanga! Watu wamekwenda zao, masufuria yameoshwa, wewe bado umekaa chini unangoja nini? Wali?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na mbavu ziliniuma. Naye akaacha mzaha.

"Naweza kukukanda mpaka Idi," alisema. "Ukirudi chini, na mfupa utarudi kombo."

Akanionya kwamba kesho nitaamka kama mtu aliyepigwa, nisishtuke, na nisiinue kitu mpaka Ijumaa ipite. Nikamuuliza kama Jumamosi nitaweza gunia. Akasema hajui. Nilimwamini zaidi kwa sababu hiyo.

Jioni ile nilikitazama kitanda. Kamba zilikuwa zimelegea, zimebonyea upande wangu. Kuzikaza kunataka mgongo, nikamwomba jirani. Alizikaza bila kuniuliza kitu, ila upande ule hakuuweza vizuri. Nikalala upande wa mke wangu. Sitasema nililala vizuri.

Alhamisi niliamka nikiumwa mwili mzima, kama nilivyoambiwa, na hilo likanipa moyo. Jumamosi gunia la kwanza lilifika begani. La pili lilifika kiunoni, nikaliteremsha taratibu mbele ya nyapara. Akasema mchele sasa ni wa vijana, niende kwenye mikungu ya ndizi. Nikaenda. Ndizi ni nyepesi, na utomvu wake hautoki kwenye shati hata ukilifua.