Matawi ya Katibu

Juma lililopita tulimzika mjini Kilosa mzee mmoja niliyemfahamu tangu siku za vijiji vya ujamaa, na wasemaji wakapokezana kipaza sauti kumwita baba wa misitu. Mungu amrehemu. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji alichokuwa katibu, si mbali na Mikumi, na nilikaa kwenye mkeka wa msiba nikisikiliza uongo mpaka miguu ikafa ganzi. Wasomaji wangu mnanijua: katika safu hii kufa hakumpandishi mtu cheo.

Kijiji chetu kilianzishwa kwa shoka. Watu walihamishwa kutoka bondeni, wakaambiwa wajenge kwa mistari kando ya barabara, na nguzo za nyumba zote zile zikatoka kwenye kilima kilichokuwa nyuma yetu. Haikuchukua muda kilima kikawa kipara. Mvua zikipiga, udongo mwekundu unaingia mpaka madarasani. Kiangazi kikianza tu, kijito kinakauka. Basi ikaja amri ya kupanda miti, amri nzuri ambayo sina ugomvi nayo hata leo. Kitalu kikatengenezwa, miche ya mijohoro ikaota, tukawa tunangoja mvua. Kabla ya mvua ikaja habari kwamba mkubwa kutoka mkoani anakuja kukagua.

Katibu hakuwa mtu wa kungoja mvua. Alituita sote, akaamuru tukate matawi mabichi kwenye miti michache iliyosalia, tuyachomeke kilimani kwa mistari. Yaani ili tuonekane tumepanda miti, tulikata miti. Mjane mmoja aliyemzidi Katibu umri, mwanamke mkali aliyegombana na nusu ya kijiji kwa sababu ya mbuzi wao, akauliza, "Ndugu Katibu, mgeni akishaondoka, matawi haya tuyafanye nini?"

"Wewe chomeka, mama. Mgeni akishaondoka, kazi imekwisha."

Hakumpa hata shikamoo. Na katika miaka yote niliyomfahamu marehemu, sikumbuki akisema jambo jingine la kweli kama hilo.

Siku ya ziara ngoma zilipigwa, mkubwa akapandishwa kilimani, akasifu. Ndipo yule mjane akajitokeza mbele, akasema kwa adabu, "Ndugu mgeni, hebu vuta mmoja." Mkubwa akadhani ni mzaha wa kijijini, akavuta. Tawi likatoka kama mwiko kwenye uji. Akaligeuza: chini hakuna mzizi, ni alama ya panga tu. Tukainamisha vichwa. Katibu akasema haraka, "Ni hujuma, Ndugu. Kuna watu wanaharibu kampeni." Na yule mkubwa, ushahidi ukiwa mkononi mwake, akatikisa kichwa kwa masikitiko akasema wahusika wachukuliwe hatua! Nilimdharau Katibu siku ile, lakini mkubwa nilimdharau zaidi, maana mmoja alisema uongo kwa hofu, mwingine akaukubali kwa uvivu.

Hatua zikachukuliwa. Mjane alinyang'anywa shamba lake la kando ya kijito, akakatiwa kipande kule kilimani penye changarawe. "Si unapenda miti ya kweli?" Katibu alimwambia mkutanoni. "Kapande." Watu wakacheka, kwa sababu kutocheka kulikuwa na hatari zake. Mvua ziliponyesha, mama yule akaenda kitaluni, akachukua miche ambayo hakuna aliyeikumbuka tena, akaipanda katikati ya mtama na kunde zake. Kiangazi kilipokuja akawa anapandisha maji kilimani kichwani, ndoo kwa ndoo, huku Katibu akiwa amekwishapandishwa cheo na kuhamia wilayani. Mijohoro ikashika. Majirani waliogombana naye wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba mbegu, naye akawapa huku akiwatukana. Mpaka nahamishwa shule, kilima kilikuwa kijani upande mzima, na kijito kilikuwa kinapita kiangazi bila kukauka. Mama yule alipofariki, hakuna mtu wa wilayani aliyekuja kuzika. Na juma lililopita nimesikia kilima kile kikitajwa kwa heshima kuwa kazi ya Katibu.

Siku hizi kila mtu anazungumza habari ya tabianchi, na ni haki, maana jua limebadilika na mvua haziaminiki. Malori yanashusha miche kandokando ya barabara kuu, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa, wakubwa wanatupia udongo kidogo kwa ncha ya koleo kisha wanatafuta kitambaa cha kujifutia. Msidhani naicheka miti. Naiamini kuliko wao, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kilima kilichokufa kikirudi. Ninaowadharau ni hawa wanaopenda sherehe ya mti na kuuchukia mti wenyewe, kwa kuwa unakua polepole na haupigi makofi.

Kwa hiyo mkialikwa kupanda miti, nendeni, mpande mingi kadiri mwezavyo. Ila mwulizeni mwenye kipaza sauti jambo moja: mwezi wa tisa, jua likiwaka, nani atabeba maji? Akitaja jina la mtu, bakini mchimbe naye. Akianza kuhutubia, chukueni miche yake mkaipande kwenu.