Sampuli Yangu Juu ya Chetezo

Mimi nna mdomo wa biashara, sifichi. Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa mgeni Maskati, nimetoka Unguja karibuni, nauza unga mweusi wa neli za kaboni, yaani mirija myembamba hata jicho haliioni. Ukiuchanganya na plastiki ya kuvalisha nyaya za umeme, plastiki haishiki moto upesi.

Sheikh Nasser, mwenye kiwanda cha nyaya, alinikaribisha nyumbani kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Nikasema saa nzima. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa. Mwishowe akaleta chetezo, makaa mekundu, udi unafuka, akanisogezea. "Tafadhali," akasema.

Nikafurahi. Huyu mtu wa kazi, anataka jaribio. Nikatoa sampuli yangu, kipande cha plastiki yenye unga ule, nikakiweka juu ya makaa. Wallahi hakikuwaka. Lakini kilitoa moshi mzito unaonuka, tukakohoa sote wawili.

"Umeona, sheikh?" nikasema kwa fahari. "Hakuna mwali."

Akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Nimeona, mwanangu. Lakini huku kwetu chetezo kikija, mgeni hujifukiza, akaaga."